Sura ya Tano: Kinachokatwa Baada ya Nukta

Mnamo Januari 1982 Soko la Hisa la Vancouver, nchini Kanada, lilianzisha fahirisi mpya ya kupima mwenendo wa hisa zake. Fahirisi ilianzia kwenye pointi 1000.000, tarakimu tatu baada ya nukta, na kompyuta ikapewa kazi ya kuihesabu upya kila hisa ilipouzwa. Miezi ikapita. Biashara sokoni haikuwa mbaya, lakini fahirisi iliteremka, ikateremka, ikaendelea kuteremka. Ijumaa ya tarehe 25 Novemba 1983 ilifunga ikiwa 524.811. Aliyeitazama namba hiyo peke yake angeamini kwamba wenye hisa wa Vancouver wamepoteza karibu nusu ya mali yao. Jumatatu iliyofuata fahirisi ikafunguliwa ikiwa 1098.892. Soko lilikuwa limefungwa siku mbili hizo za katikati, kwa hiyo hakuna hisa iliyopanda bei. Hesabu ilikuwa imerudiwa upya, safari hii kwa usahihi, na pointi 574.081 zilizokuwa zimepotea zikaonekana tena.

Pointi hizo hazikuibwa na mtu. Kila baada ya mauzo, programu ilichukua fahirisi iliyotangulia, ikaongeza au kupunguza badiliko dogo lililoletwa na mauzo hayo, kisha ikabakiza tarakimu tatu baada ya nukta. Tarakimu ya nne na zilizofuata zilikatwa tu. Kama jibu lilikuwa 540.3219, ikaandikwa 540.321. Mtu angelikadiria kwa kanuni tuliyofundishwa shule ya msingi, angeandika 540.322. Tofauti ni elfu moja ya pointi, na ndiyo maana hakuna aliyeijali.

Lakini kukata kuna tabia moja mbaya: daima kunavuta upande mmoja. Ukikadiria hadi namba iliyo karibu, mara nyingine unaongeza kidogo, mara nyingine unapunguza kidogo, na baada ya mara nyingi makosa hayo karibu yote yanafutana. Ukikata, unapunguza leo, unapunguza kesho, unapunguza siku zote. Kwa wastani kila hesabu ya Vancouver ilipoteza karibu nusu ya elfu moja ya pointi. Hesabu hizo zilifanyika karibu mara 3,000 kwa siku, kwa hiyo kila siku ya biashara fahirisi ilipungukiwa na zaidi ya pointi moja bila sababu yoyote ya kibiashara. Zidisha kwa siku za biashara za miezi 22, utazipata zile pointi mia tano na ushei.

Kuna jambo la pili ambalo wasimuliaji wengi wa kisa hiki hulipita, nami naliona ndilo kubwa zaidi. Namba iliyokatwa ilirudishwa ndani ya hesabu iliyofuata. Kama programu ingekokotoa fahirisi moja kwa moja kutoka kwenye bei za hisa zote kila mara, kisha ikakata jibu kwa ajili ya kulionyesha ubaoni, kosa lisingevuka 0.001 hata baada ya miaka mia. Kukata kulikuwa kosa dogo. Kilicholikuza ni kulirithisha jibu lililokatwa kwa hesabu inayofuata, na ile iliyofuata kwa nyingine. Kwa hiyo mwandishi wa programu akiniuliza tarakimu zipunguzweje, humuuliza kwanza zinapunguzwa wapi, na baada ya hapo jibu linakwenda kwa nani.

Lugha nyingi za kompyuta hukata bila kuombwa. Ukigeuza 7.9 kuwa namba nzima katika C, Java au Python kwa amri ya kawaida ya kugeuza, unapata 7. Hilo wanafunzi hulizoea haraka. Linalowasumbua ni namba hasi, kwa sababu kuna njia mbili za kukata na kwa namba chanya zinatoa jibu lilelile. Njia ya kwanza inasogea kuelekea sifuri: 7.9 inakuwa 7, na -7.9 inakuwa -7. Njia ya pili inashuka daima: 7.9 inakuwa 7, lakini -7.9 inakuwa -8. Hata kugawanya kwa namba nzima kunatofautiana. Gawanya -7 kwa 2 katika C, utapata -3. Katika Python, ukitumia alama ya mikwaju miwili, utapata -4. Lugha zote mbili zina sababu zake na zote zimeeleza wazi katika kanuni zao zinafanya nini. Anayehamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuzisoma kanuni hizo ndiye anayeumia.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake, maana ikweta inapita Uganda na Kenya. Chukua programu inayoigawa ramani katika miraba ya nyuzi moja moja, labda kwa ajili ya kuhesabu vituo vya mvua au wateja wa usafirishaji. Kaskazini mwa ikweta latitudo ni chanya, kusini ni hasi. Kampala iko karibu na 0.35, Eldoret 0.51, Kisumu -0.09, Nakuru -0.30, Mbarara -0.61. Programu ikikata kuelekea sifuri, miji yote mitano inaingia mstari mmoja, mstari wa 0. Mstari huo sasa una upana wa nyuzi mbili, kilomita 222 hivi, wakati mistari mingine yote ina kilomita 111. Takwimu zake zitaonekana kubwa mara mbili, na mtu atakaa aandike ripoti kueleza kwa nini ikweta ina wateja wengi hivyo. Ikitumia njia ya kushuka, Kampala na Eldoret zinabaki kwenye 0, Kisumu, Nakuru na Mbarara zinakwenda kwenye -1, na kila mstari unabaki na upana wake. Kibaya zaidi ni kwamba programu hiyo ingeweza kujaribiwa Tanzania nzima bila kasoro kuonekana, kwa kuwa Tanzania yote iko kusini mwa ikweta. Ingeanza kukosea siku ilipovuka mpaka.

Tuje kwenye kukadiria kwenyewe. Shuleni tuliambiwa: tarakimu inayofuata ikiwa chini ya 5, iache, ikiwa 5 au zaidi, ongeza moja. Kanuni hii ni nzuri na inatosha kwa mambo mengi, ila ina upendeleo mdogo. Namba inayoishia na nusu kamili iko katikati kabisa, haiko karibu na upande wowote, nasi daima tunaipandisha. Ukiwa na malipo 1,000 ambayo kila moja linaishia na nusu senti, ukiyapandisha yote umeunda senti 500 ambazo hazikuwepo, yaani shilingi tano.

Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta: nusu kamili ipelekwe kwenye namba shufwa iliyo jirani. 0.5 inakuwa 0, 1.5 inakuwa 2, 2.5 inakuwa 2, 3.5 inakuwa 4. Nusu moja inashuka, nyingine inapanda, na upendeleo unaondoka. Kanuni hii ndiyo ya kawaida katika kiwango cha kimataifa cha hesabu za namba zenye nukta kwenye kompyuta, IEEE 754, kilichopitishwa mwaka 1985. Mtu anayetajwa zaidi katika kukijenga kiwango hicho ni William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Kabla ya hapo kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na desturi yake, na programu iliyotoa jibu sahihi kwenye mashine moja ingeweza kutoa jibu jingine kwenye mashine ya jirani.

Hata hivyo kiwango hicho hakijaondoa tofauti zote kwenye zana tunazotumia kila siku. Mwambie Python wa leo akadirie 2.5, atakupa 2. Python wa zamani, kabla ya toleo la 3 la mwaka 2008, alikupa 3. Excel inakupa 3. Mwambie Python akadirie 0.125 hadi nafasi mbili za desimali, anakupa 0.12, Excel inakupa 0.13. Kwa -2.5, amri ya kukadiria ya JavaScript inatoa -2, Excel inatoa -3. Mhasibu anayelinganisha jedwali lake la Excel na ripoti ya mfumo ulioandikwa kwa Python atakuta senti hazilingani. Atamshuku mwandishi wa programu, mwandishi atamshuku mhasibu, na wote wawili watakuwa wamehesabu sawasawa kwa kanuni mbili tofauti ambazo hakuna aliyezichagua.

Sasa kuna jambo linalowashangaza hata waliokwisha kuzoea haya. Mwambie Python akadirie 2.675 hadi nafasi mbili. Kwa kanuni ya shule jibu ni 2.68. Kwa kanuni ya namba shufwa pia ni 2.68, kwa kuwa 8 ni shufwa. Python anajibu 2.67. Hajakosea kukadiria. Namba uliyompa siyo aliyonayo. Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu 0 na 1 tu, na sehemu baada ya nukta hujengwa kwa nusu, robo, thumni na kuendelea hivyo kwa kugawa kwa mbili. Nusu na robo zinaandikika kikamilifu. Sehemu moja ya kumi haiandikiki, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu za kawaida: tunaandika 0.333 na tarakimu haziishi. Kwa hiyo kompyuta inaishia mahali fulani na kuhifadhi namba iliyo karibu sana. 2.675 inahifadhiwa kama 2.67499999999999982 na zaidi, na namba hiyo, kwa haki kabisa, iko karibu na 2.67. Ndiyo sababu hiyohiyo 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004.

Vijana wengi hucheka wakiliona jibu hilo mara ya kwanza. Naomba wasome kilichotokea Dhahran.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraki lilipiga kambi ya wanajeshi wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia. Watu 28 waliuawa na wengine wapatao mia moja wakajeruhiwa. Mtambo wa Patriot wa kutungua makombora, uliowekwa kuwalinda, haukurusha kitu. Uchunguzi wa ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ulionyesha kwamba saa ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na ili kupata sekunde, programu ilizidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi. Moja ya kumi hiyo ilihifadhiwa kwenye nafasi ya biti 24, na ziada ikakatwa. Kosa lilikuwa kama 0.000000095. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 bila kuzimwa, yaani sehemu za kumi za sekunde 3,600,000. Zidisha, unapata theluthi ya sekunde. Scud lilikuwa likienda mita 1,676 kwa sekunde. Katika theluthi hiyo lilisafiri zaidi ya nusu kilomita, na rada ikawa inalitafuta mahali ambapo halipo.

Kuna sehemu ya kisa hiki inayonihuzunisha kuliko zote. Kama programu yote ingekuwa na kosa lilelile, madhara yangekuwa madogo, kwa sababu rada ilihitaji tofauti kati ya nyakati mbili, na makosa mawili yaliyo sawa yakitoana hufutana. Lakini hesabu ya muda ilikuwa imeboreshwa katika baadhi ya sehemu za programu na kuachwa katika nyingine. Wakati mmoja ukahesabiwa kwa usahihi mpya na mwingine kwa mkato wa zamani, na tofauti ikabeba kosa lote. Marekebisho ya programu yalikuwa yamekwisha kuandaliwa. Yalifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya shambulio.

Mara nyingine hesabu ndani ya mashine iko salama na hatari iko kwenye karatasi inayotoka. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa katika chuo cha MIT, alitaka kurudia sehemu ya hesabu za mwenendo wa hewa alizokuwa amezifanya kwa kompyuta yake. Ili asianze mwanzo, alichukua namba kwenye karatasi iliyochapwa awali akaziingiza katikati ya safari. Karatasi ilionyesha tarakimu tatu, 0.506, ilhali kumbukumbu ya mashine ilikuwa na sita, 0.506127. Matokeo mapya yalifuatana na ya zamani kwa muda, kisha yakaanza kuachana, hatimaye yakawa hali za hewa mbili zisizofanana kabisa. Mwanzoni alidhani mashine imeharibika. Alipogundua kwamba chanzo ni zile tarakimu tatu zilizoachwa, alipata mlango wa utafiti uliochapishwa mwaka 1963 na kuwa msingi wa nadharia ya vurugu. Mwingine angezipachika tarakimu zilizokosekana akaendelea na kazi yake. Lorenz alikaa na tofauti hiyo mpaka akaielewa.

Ujerumani ilikutana na karatasi ya namna hiyo usiku wa uchaguzi. Tarehe 5 Aprili 1992 jimbo la Schleswig-Holstein lilichagua bunge lake, na kwa kawaida chama kinachokosa asilimia 5 ya kura hakipati viti kwa kura hizo. Karatasi za matokeo zilionyesha Chama cha Kijani kimepata 5.0, kikahesabiwa kuwa kimeingia. Usiku ukiwa umekwenda ikagundulika kwamba kilipata 4.97. Programu ya kuchapa ilionyesha nafasi moja tu ya desimali, ikakadiria kama ilivyoagizwa, na waliosoma wakaamua kwa namba iliyokadiriwa. Viti vikagawanywa upya, na chama cha SPD kikapata wingi wa viti. Namba ya kuonyesha na namba ya kuamulia zinapaswa kuwa vitu viwili ndani ya programu, kila moja na jina lake, ili isiwezekane kuchukua ya kwanza ukidhani ni ya pili.

Pesa zinahitaji ukali zaidi, na mfano bora ninaoujua hautoki kwa waandishi wa programu bali kwa watunga sheria. Nchi za Ulaya zilipojiandaa kuanza kutumia yuro, zilipitisha Kanuni namba 1103 ya mwaka 1997, na ndani yake mkaandikwa jinsi ya kukadiria. Viwango vya kubadilishia viliwekwa kwa tarakimu sita zenye thamani: yuro moja ni faranga za Ufaransa 6.55957, au maki za Ujerumani 1.95583, au lira za Italia 1936.27. Ilikatazwa kuvikata au kuvikadiria viwango hivyo wakati wa kubadilisha. Ilikatazwa pia kutengeneza kiwango cha kinyume, maana mtu akigawanya 1 kwa 6.55957 na kuhifadhi jibu lililofupishwa, tayari ameingiza kosa. Aliyetaka kutoka maki kwenda faranga alitakiwa apitie yuro, na kiasi cha katikati kisikadiriwe chini ya nafasi tatu za desimali. Mwisho kabisa ndipo jibu lilikadiriwa hadi senti, na nusu senti kamili ikapanda. Wapi, lini, kwa tarakimu ngapi na nusu iende wapi: yote yameandikwa. Natamani kila mkataba wa mfumo wa malipo katika nchi zetu uwe na ukurasa mmoja wa aina hiyo.

Ukurasa huo ungejibu, kwa mfano, kodi ikadiriwe wapi. Chukua bidhaa ya shilingi 12.55 nchini Kenya, ambako kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ni asilimia 16. Kodi yake ni 2.008, ikikadiriwa ni 2.01. Mteja akinunua kumi, na mfumo ukakadiria kwa kila bidhaa, kodi ni 20.10. Ukijumlisha bei kwanza, 125.50, kisha ukatoza kodi mara moja, unapata 20.08. Risiti mbili, duka moja, bidhaa zilezile. Senti mbili hazimfilisi mtu, lakini hesabu za mwezi zisipokubaliana na za mamlaka ya kodi, kuna mfanyakazi atakayekesha akizitafuta.

Ungesema pia pesa zihifadhiweje. Ushauri wa waliokwisha kuungua ni kuhifadhi namba nzima za kipimo kidogo kabisa, yaani senti badala ya shilingi, au kutumia aina ya namba ya desimali ambayo lugha imeitenga kwa kazi hiyo, kama BigDecimal ya Java au Decimal ya Python. Hata hapo uangalifu unahitajika: ukimpa Decimal namba 0.1 ya kawaida, anaipokea pamoja na uchafu wake wote. Ukimpa kama maandishi, anaipata safi. Na usidhani kila pesa ina nafasi mbili. Katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina mbili. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina hata moja. Riali ya Omani ina tatu, maana imegawanyika katika baisa 1,000. Mfumo ulioandikwa Nairobi ukizidisha kila kiasi kwa 100, Kampala utaandika mara mia zaidi na Muskati utapoteza baisa. Idadi ya nafasi inapaswa kusafiri pamoja na jina la sarafu, isiwe 100 iliyofichwa katikati ya programu.

Inabaki shilingi isiyogawanyika. Gawa shilingi 100,000 za Uganda kwa washirika watatu: kila mmoja 33,333, jumla 99,999. Programu nyingi huishia hapo na shilingi moja inapotea kwenye vitabu. Zinazokadiria badala ya kukata huangukia upande wa pili: gawa 200,000 kwa watatu, kila mmoja 66,667, jumla 200,001, na mfumo umelipa pesa ambayo haikuwekwa. Njia salama ni kugawanya kwa namba nzima, kuchukua baki, kisha kuligawa shilingi moja moja kwa mpangilio uliokubaliwa: 33,334, 33,333, 33,333. Kwa mkopo, kawaida baki hubebwa na rejesho la mwisho. Shilingi 10,000 za Kenya kwa miezi 12 ni marejesho 11 ya 833.33 na la mwisho la 833.37. Nani apewe shilingi ya ziada si swali la kompyuta. Ni la washirika wenyewe, na waulizwe kabla mfumo haujaandikwa. Jibu lao likishaingia kwenye programu, jaribio la kwanza la kuandika ni linalojumlisha mafungu yote na kukataa kupita kama jumla haijarudi kuwa 100,000 kamili.